Karamojo Bell, mwindaji aliyeua tembo 1,011 na kuwabishia wenye bunduki kubwa

Wakaaji wa Aru na Mahagi, katika jimbo la Ituri, wanavuka kila siku kwenda Arua kwenye soko na kurudi jioni. Wengi wanajua kwamba mpaka huo si wa zamani sana. Mwaka 1908, mtu aliyetoka upande wa Mahagi kwenda kaskazini mpaka Rejaf, kando ya mto Nile, hakutoka katika mikono ya Bula Matari. Eneo hilo lote liliitwa Lado, na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amelikodi kwa Waingereza tangu mwaka 1894. Mkataba ulikuwa na sharti moja la ajabu: Lado ni yake akiwa hai tu. Siku atakapokufa, itarudi.

Kati ya wazungu waliopita katika Lado miaka ile, hakuna aliyeacha jina kubwa kati ya wawindaji kama Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti aliyejulikana kama Karamojo Bell. Aliandika hesabu ya tembo wake wote: 1,011, kati yao majike 28 tu. Hesabu hiyo inatisha leo, na inafaa itishe. Lakini kilichofanya jina lake liendelee kutajwa mpaka sasa kati ya watu wanaojua bunduki ni jambo lingine. Karibu tembo 800 kati ya hao aliwaua kwa risasi ya milimita 7, risasi ya kawaida ya askari, wakati wenzake walikuwa wanasema mnyama wa tani tano hawezi kuangushwa na kitu kidogo namna ile.

Mtoto asiyekaa shuleni

Bell alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tisa mwaka 1880, katika nyumba ya Clifton Hall karibu na Edinburgh. Nyumbani kulikuwa na mali, lakini wazazi hawakukaa. Mama alikufa mtoto akiwa na miaka miwili, baba akafuata mtoto akiwa na sita. Ndugu zake wakubwa ndio walimlea, na kazi hiyo haikuwa rahisi, kwa sababu kila shule waliyompeleka alitoroka. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari baharini, akifanya kazi katika meli.

Akiwa bado kijana wa miaka kama 16 au 17 alifika Mombasa. Wakati huo Waingereza walikuwa wanajenga reli ya kwenda Uganda, na simba walikuwa wanakula wafanyakazi. Bell akapata kazi ya kuwalinda watu na kuwapiga simba hao. Chombo chake kilikuwa bunduki ya risasi moja ya .303 iliyotengenezwa na Fraser wa Edinburgh. Ilipiga vizuri sana, lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja: kwenye joto, ganda la risasi liligoma kutoka. Fikiria kijana peke yake porini, simba amejeruhiwa mbele yake, na bunduki imefungwa na ganda lililokwama. Hapo ndipo alipojifunza mapema kwamba risasi ya kwanza ndiyo inayohesabiwa, na kwamba chombo kisichoaminika ni hatari kuliko chombo kidogo.

Afrika haikumshika mara ile ya kwanza. Alikwenda Kanada, kwenye dhahabu ya Klondike. Hakupata dhahabu, alipata kazi ya kuwinda nyama na kuiuza kwa wachimbaji wa Dawson, mpaka mwenzake wa biashara akakimbia na pesa zote. Bell akabaki na bunduki tu, na hata hiyo akaiuza. Vita ya Waingereza na Makaburu ilipoanza huko Afrika Kusini, aliingia katika kikosi cha wapanda farasi kutoka Kanada, kwa sababu ilikuwa njia ya kurudishwa Afrika bila kulipa nauli. Huko farasi wake alipigwa risasi, akakamatwa, akatoroka. Vita ilipoisha mwaka 1902 alikuwa na miaka 21 na alikuwa anajua tayari anachotaka.

Karamoja

Msafara wake ulianza Mumias, magharibi ya Kenya ya leo, mahali ambapo wafanyabiashara Waswahili walikuwa wanapanga safari za kwenda kutafuta pembe. Mbele yao, kaskazini ya mlima Elgon, ndiyo ilikuwa Karamoja, nchi ya wafugaji ambayo hakuna serikali iliyokuwa imeitawala bado. Waswahili walikuwa wamemtangulia huko. Walikuwa na kituo chao, na lugha ya msafara ilikuwa hii yetu. Kabla ya kuwa Karamojo Bell alikuwa mgeni tu katika njia iliyofunguliwa na wengine, na jambo hili husahauliwa katika vitabu vingi vinavyomsifu.

Katika Karamoja alishirikiana sana na Mkaramojong mmoja aliyeitwa Pyjale, mtu wa mkuki, mwenye mwendo na macho ambayo Bell alikubali kwamba yalizidi yake. Habari za tembo alizinunua kwa ng'ombe: aliyeleta habari ya kweli ya madume makubwa alilipwa mnyama hai, na kwa wafugaji hakuna malipo yanayozidi hayo. Nyama ilibaki kwa wanakijiji, pembe zilikwenda naye. Wapagazi na punda waliibeba mali mpaka pwani au mpaka penye reli.

Alitembea. Kwa hesabu yake, kila dume alilopata lilimgharimu wastani wa kilomita kama 117 kwa miguu, na kila mwaka alimaliza jozi 24 za viatu. Mtu anayetembea namna hiyo hawezi kubeba kila kitu. Hapo tunafika kwenye habari ya bunduki.

Kubwa au ndogo?

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wawindaji wengi wa tembo walikuwa na imani moja: mnyama mkubwa, risasi kubwa. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatengeneza bunduki za mitutu miwili za kaliba ya .577, ambazo kichwa cha risasi yake kina uzito wa karibu gramu 49, na za .600, ambazo kichwa chake kina gramu 58 na unene wa zaidi ya milimita 15. Bunduki yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo sita au saba. Mwenye nayo mara nyingi hakuibeba; alimpa mtu wa kuibeba nyuma yake, akaipokea tembo alipoonekana. Na ilipolia, ilimpiga mpigaji teke la bega ambalo hakulisahau.

Bell alijaribu njia hiyo. Alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya .450/400, yenye risasi ya gramu 26, pamoja na .303 ndogo. Akaangalia matokeo kwa makini, kama fundi anayepima kazi yake, na akaona hivi. Risasi kubwa ikikosa mahali pake, tembo anaondoka na jeraha kubwa. Risasi ndogo ikikosa, tembo anaondoka na jeraha dogo. Katika hali zote mbili tembo ameondoka. Lakini risasi yoyote, kubwa au ndogo, ikiingia katika ubongo, tembo anaanguka palepale. Basi, kwa Bell, swali la unene lilikuwa la pili. Swali la kwanza ni kama risasi inaweza kufika katika ubongo ikiwa nzima na bila kupinda, na kama mpigaji anajua ubongo uko wapi.

Kujua ubongo uko wapi si jambo dogo. Kichwa cha tembo ni kikubwa kama jiwe la mlima, lakini sehemu kubwa ni mfupa wenye matundu kama sega la asali. Ubongo umekaa ndani sana, nyuma na chini, na ukubwa wake hauendani kabisa na kichwa kinachoonekana. Wawindaji wengi walikuwa wanapiga paji la uso na kushangaa kuona mnyama anatingisha masikio na kukimbia. Bell aliamuru watu wake wapasue fuvu la kichwa kwa msumeno, kutoka mbele mpaka nyuma, ili aone kwa macho yake. Akachora picha. Akajifunza njia ya kuufikia ubongo kutoka mbele, kutoka upande, na hata kutoka nyuma, wakati tembo anakwenda zake, kwa kupitisha risasi katika nyama ya shingo. Njia hiyo ya mwisho ni ngumu sana, na mpaka leo wawindaji wanaiita kwa jina lake.

Hapo ndipo risasi ya milimita 7 ilipopata nafasi. Kiwanda cha Mauser cha Ujerumani kilikuwa kimeitengenezea majeshi, na huko London kampuni ya Rigby ilikuwa inauza bunduki zake nzuri zaidi kwa jina la .275. Kichwa cha risasi kilikuwa kirefu, chenye pua ya mviringo, gramu 11 na kidogo, kimefunikwa chote kwa chuma. Risasi ndefu na nyembamba ya namna hiyo inakwenda moja kwa moja katika mfupa bila kugeuka, wakati risasi laini inayofunguka ingesimama njiani. Na kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya vita, karibu kila moja ililia ilipoamriwa kulia. Bell alipenda pia bunduki ndogo ya Mannlicher ya milimita 6.5, nyepesi kama fimbo, lakini risasi zake zilimsumbua, akaiacha. Alijaribu .318 ya Westley Richards, yenye risasi ya gramu 16, ambayo kwa karatasi ilikuwa bora. Nayo ilimwangusha kwa risasi zilizogoma kulia. Kila mara alirudi kwenye milimita 7. Ndiyo kusema hakuichagua kwa sababu ni ndogo. Aliichagua kwa sababu ilikuwa inaaminika, na udogo ulikuja pamoja nayo kama zawadi.

Zawadi hiyo ilikuwa na faida zake. Bunduki nyepesi aliibeba mwenyewe kutwa nzima, kwa hiyo ilikuwa mkononi tembo walipotokea ghafla katika majani marefu. Haikupiga teke, kwa hiyo hakuiogopa, na mpigaji asiyeogopa bunduki yake hafumbi macho wakati wa kuvuta. Sauti yake kali na fupi haikuwaonyesha tembo waliobaki ilikotoka. Mwenzao alipoanguka bila kupiga kelele, wakati mwingine walisimama tu, na Bell akaendelea kupiga. Siku moja alipata tembo tisa, na pembe zao zikamletea zaidi ya pauni 800, mali ambayo mfanyakazi wa kawaida huko Uingereza hangeipata kwa miaka mingi.

Mazoezi yake yalikuwa ya kila siku. Akitembea alikuwa anainua bunduki bila risasi na kulenga kitu chochote, jiwe, ndege, mti, mpaka mkono ukawa unafanya wenyewe. Aliona ni lazima amalize zile risasi za .318 zilizomchosha, akazimaliza kwa kupiga ndege wakiruka juu ya ziwa. Watu waliotazama walidhani anatumia bunduki ya marisau. Pia aliandika kwamba aliwahi kuua nyati 23 kwa risasi ya gramu nne na nusu tu. Ukisikia hivyo, usikimbilie kumfuata.

Kwa maana hapa ndipo wengi walipomsikia vibaya. Wako waliosoma vitabu vyake wakachukua bunduki ndogo na kuingia porini bila mkono wake, bila jicho lake na bila ile kazi ya msumeno. Wengine hawakurudi, na tembo wengi walikwenda kufia mbali na risasi katika kichwa. Baadaye serikali nyingi za Afrika ziliweka sheria kwamba mnyama mkali asipigwe kwa risasi iliyo chini ya kipimo fulani, mara nyingi .375, yaani karibu milimita 9.5. Sheria hiyo ni nzuri kwa mtu wa kawaida. Mwindaji James Sutherland, wa wakati uleule, alitumia .577 kubwa, naye alifanikiwa. Mtu wa kawaida akikosea kidogo, risasi nzito humpa tembo pigo la kumzubaisha, na hiyo inaweza kuokoa roho.

Mabishano hayo hayakuisha na Bell. Huko Marekani, mwindaji na mwandishi Elmer Keith alisimama upande wa pili kabisa, akitetea risasi nene na nzito kwa kila kazi, na juhudi zake zilisaidia kuzaliwa kwa risasi ya bastola ya .44 Magnum katikati ya miaka ya 1950. Kwa bastola hoja yake ina nguvu zaidi. Mtutu mfupi hauipi risasi mwendo wa bunduki ndefu, kwa hiyo kinachobaki ni uzito na unene: kichwa cha gramu 15 na nusu, karibu milimita 11, kinachoendelea kusukuma ndani hata mwendo ukiwa mdogo. Mtu anayekutana na dubu akiwa na bastola tu kiunoni hawezi kufuata hesabu ya Bell. Lakini hata Keith alikubali kwamba bastola kali inayomtetemesha mwenye nayo haina faida kama hajazoea, na hapo wawili hao wanakutana.

Lado, nchi isiyo na mwenyewe

Karamoja ilipoanza kuingiliwa na watu wengi, Bell alihamia magharibi, Lado. Wabelgiji walikuwa na vituo vichache kando ya mto, na yeye aliwinda kwa kibali chao. Tembo walikuwa wengi kupita alichowahi kuona, kwa sababu bonde lile lilikuwa na maji na majani mwaka mzima na watu waliokuwa na bunduki walikuwa wachache.

Tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1909 Leopold akafa. Mkataba ulisema Lado irudishwe kwa Waingereza katika muda wa miezi sita, na Waingereza waliipokea mwezi wa sita 1910. Katikati hapo, nchi ilikuwa haina mwenyewe. Habari zikasambaa mpaka Nairobi na mbali zaidi: huko kuna pembe, hakuna askari. Wakaja watu wa kila namna, wengine wawindaji wa kweli, wengine watu waliokuwa hawajashika bunduki. John Boyes, aliyejulikana sana katika Kenya, alikuwa mmoja wao. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipiga kambi upande huo wa Nile mwanzoni mwa 1910 kutafuta kifaru mweupe. Kundi la tembo lilipigwa kutoka kila upande, na vijiji viliona wageni wanaochukua chakula na watu wa kubeba mizigo bila kuuliza. Bell mwenyewe, ambaye alikuwa ametajirika katika Lado, aliiandika habari ya wageni hao kwa uchungu. Msomaji wa leo anaweza kuona tofauti ndogo kuliko aliyoiona yeye.

Baadaye Lado ikagawanywa. Sehemu ya kusini ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914, ndiyo West Nile ya leo. Kaskazini ikabaki Sudani. Kongo ikabaki na kipande cha Mahagi kinachoifikisha ziwa Albert, kama mkataba wa 1894 ulivyoandikwa.

Kutoka tembo mpaka ndege

Kisha Bell aliwinda Liberia na Afrika Magharibi, na Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta katika Kongo ya Wafaransa. Akaacha kila kitu, akaenda Uingereza kujifunza kurusha ndege, akiwa na miaka zaidi ya 34, umri ambao wengine walimwona mzee kwa kazi hiyo. Alipelekwa Afrika Mashariki kuwatafuta Wajerumani kutoka angani, juu ya pori alilolijua kwa miguu. Inasimuliwa kwamba alipenda kuruka bila mtu wa pili, ili kusiwe na kichwa cha kumzibia macho. Baadaye alipelekwa Salonika, Ugiriki, ambako aliangusha ndege ya adui, na alipewa nishani ya Military Cross mara mbili.

Baada ya vita alirudi Afrika mara chache, akisafiri kwa mtumbwi katika mito ya magharibi mpaka upande wa Chad. Alimwoa Katharine Soares, wakakaa Corriemoillie, huko milimani Uskoti, ambako aliwinda kulungu wekundu na kurusha mashua ya matanga katika mashindano ya baharini. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1923, cha pili, kuhusu Karamoja, mwaka 1949, vyote viwili vikiwa na picha alizochora mwenyewe. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1954, akiwa na miaka 73. Maandiko aliyoacha yalipangwa na Mmarekani Townsend Whelen, yakatolewa mwaka 1960.

Kifaru mweupe ambaye Roosevelt alimfuata katika Lado alibaki katika mbuga ya Garamba, Haut-Uele, mpaka miaka ya 2000, na hajaonekana tena huko porini. Tembo wa Garamba walikuwa zaidi ya elfu 20 katika miaka ya 1970. Waliobaki ni sehemu ndogo ya hao, na walioua wengi wao walitumia bunduki za vita zenye risasi ndogo za milimita 7.62, zikimwagwa nyingi kwa mara moja.

Bunduki moja ya Bell, Rigby ya .275, ilinunuliwa baada ya kifo chake na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, aliyeitoa zawadi kwa Mark Selby, mtoto wa rafiki yake mwindaji Harry Selby. Miaka michache iliyopita kampuni ya Rigby iliinunua tena kutoka Afrika, na sasa imo London, katika nyumba ya kampuni iliyoiuza mara ya kwanza.